Baba ana miaka 78 na saratani ya tumbo: apasuliwe kwa matundu madogo, kwa kisu kirefu, au tumwache?

Shikamoo Daktari,

Ninaandika kutoka Muheza. Ni mtoto wa pili na binti mkubwa katika nyumba ya watoto sita. Baba yetu ana miaka 78. Alifanya kazi mashamba ya mkonge mpaka akastaafu, na hadi leo anakwenda msikitini kwa miguu sala zote tano. Akirudi alfajiri hupitia shambani kuitazama michungwa yake.

Mwaka jana alianza kusema chakula kinamjaa haraka. Vijiko vitatu vya wali, anasukuma sahani. Tukasema ni uzee. Kikaja kiungulia, tukamnunulia dawa za vidonda vya tumbo dukani. Zikamtuliza, zikaisha, tukanunua tena. Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja choo kikawa cheusi kama lami, akaanguka bafuni. Hospitali wakasema damu imeshuka sana, akaongezewa chupa mbili. Wakampitisha mpira wenye kamera, wakaona kidonda kikubwa upande wa chini wa mfuko wa chakula, wakachukua vinyama vya kupima. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: saratani. CT-scan inasema ini na mapafu ni salama, ila kuna tezi zilizovimba karibu na mfuko wenyewe. Ana presha, anakunywa vidonge viwili kwa siku. Sukari iko juu kidogo. Sigara aliacha 2009. Alikuwa na kilo 68, sasa ana 59.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Daktari wa upasuaji aliyemwona anasema atampasua kwa njia ya kawaida, mpasuo wa kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Kaka yetu aliyeko Muscat ametuma sauti ya dakika sita: mzee wa umri ule msimpasue kama mbuzi wa Idi, siku hizi kuna upasuaji wa matundu, apelekwe India, siku ya nne anatoka, na yeye atalipa nusu. Baba mdogo anasema kansa ikiguswa na kisu ikapata hewa inasambaa, kwa hiyo mzee aachwe apumzike. Binamu yetu muuguzi naye anasema ile gesi wanayojaza tumboni kwenye upasuaji wa matundu inaweza kusimamisha moyo wa mzee. Mama analia tu.

Na baba mwenyewe hajui. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Juzi aliniuliza, "Vidonda gani hivi vinavyowafanya mnong'one jikoni?" Nikakosa la kusema.

Daktari, hayo matundu ni salama kwa mtu wa miaka 78? Tumpeleke India? Au baba mdogo ndiye mwenye kusema kweli?

Binti Mkubwa, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Poleni nyumba nzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa kichwani ni ile michungwa. Mzee anayekwenda msikitini mara tano kwa siku na bado anapitia shambani ananiambia jambo ambalo faili lake haliwezi kuniambia. Nitarudi hapo.

Nianze na baba mdogo, kwa heshima zake. Hiyo imani ya kansa kupata hewa ina chanzo, na mimi simcheki anayeiamini. Watu wetu wengi hufika hospitali wamechelewa. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 mapitio ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo, na zaidi ya 9 katika kila 10 walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Mgonjwa wa namna hiyo akifunguliwa, daktari anakuta ugonjwa umeenea, anafunga bila kutoa kitu, na baada ya wiki kadhaa kuna matanga. Jirani anapiga hesabu yake: alikuwa anatembea, akapasuliwa, akafa. Kisu kinabebeshwa lawama ya ugonjwa uliokitangulia. Hewa haina kosa lolote.

Na hilo neno "aachwe apumzike" nalo litazameni vizuri. Kidonda cha baba yako kimeshatoa damu mara moja. Kiko upande wa chini, karibu na mlango wa kutokea chakula. Kikiachwa, ama kitatoa damu tena, ama kitaziba ule mlango, na mzee atakuwa anatapika hata uji alioula jana. Hapo hakuna mapumziko. Kuna wagonjwa ambao upasuaji mkubwa hauwafai na ni uungwana kutowapasua, lakini hao nao huhitaji tiba: damu, dawa, pengine kamrija ka kufungua njia ya chakula. Kama baba yako ni mmoja wao, bado hatujajua.

Sasa matundu. Kaka yako amepata nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri.

Katika upasuaji huu daktari hutoboa matundu manne hadi sita, lililo kubwa likiwa na upana wa kidole hivi. Tumbo hujazwa gesi ili liinuke kama hema, kamera hupita tundu moja na vyombo virefu vyembamba hupita mengine. Mwishoni tundu moja hupanuliwa kwa sentimita chache ili kile kilichokatwa kitoke. Lakini ndani kazi ni ileile anayotaka kuifanya daktari wa kwenu: kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kutoa tezi zinazouzunguka, kisha kuunganisha kilichobaki na utumbo. Mlango wa kuingilia umebadilika. Nyumba inayovunjwa ni moja. Ndugu wengi hawalijui hilo. Wakisikia "matundu" wanadhani ni jambo dogo kama kutoa jino. Hapana. Kwa mzee wa miaka 78 huu ni upasuaji mkubwa, uingie kwa mlango wowote.

Njia hii si ngeni. Seigo Kitano na wenzake Japani waliifanya kwa saratani ya tumbo tangu 1991. Baadaye Wakorea, katika utafiti uitwao KLASS-01, waliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 1,400 wenye saratani changa, nusu matundu, nusu mpasuo. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa 13 katika 100 upande wa matundu, na karibu 20 upande wa mpasuo. Tofauti ilitoka zaidi kwenye kidonda cha nje: usaha, kuachia, mambo hayo. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai walikuwa 94 katika 100 kwa matundu na 93 kwa mpasuo, yaani sawasawa. Wachina nao walifanya wao, CLASS-01, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao saratani yao ilikuwa imepiga hatua zaidi, kama ya baba yako. Baada ya miaka mitatu, kurudi kwa ugonjwa hakukutofautiana.

Kaka yako akiishia hapo atasema mjadala umefungwa. Asifunge bado. Utafiti wa Korea ulipokea watu wasiozidi miaka 80. Wa China uliishia 75. Maana yake, kwa umri peke yake, baba yako angepokelewa Korea na kukataliwa China, na hata Korea angekuwa miongoni mwa wazee kabisa katika kundi lile. Tena waliopokelewa walikuwa na mioyo na mapafu ya kuridhisha. Kwa hiyo namba zile nzuri, zinazotajwa kila mahali kumwambia mzee kwamba asiogope, nyingi zimetoka kwa watu wenye umri wa watoto wake.

Kuhusu wazee wenyewe, waliopita 75 na 80, tunachokitegemea zaidi ni madaktari wa Japani, Korea na kwingineko kurudi kwenye mafaili na kulinganisha. Picha inayojirudia ni kwamba waliopita matunduni walipoteza damu kidogo, walisimama mapema, walianza kula mapema, na maisha yao ya baadaye hayakuwa mafupi kuliko ya wenzao. Ila soma mafaili kwa jicho kali. Nani alichaguliwa apite matunduni? Mara nyingi ni yule mzee ambaye daktari alimtazama akaona ana nguvu. Kikongwe aliyeingia anatapika, amedhoofu, uvimbe mkubwa, alipelekwa mpasuo. Ukiwalinganisha hao wawili baadaye ukasema matundu ni bora, umelinganisha kuku na kifaranga.

Ndiyo maana napenda utafiti wa Waholanzi, LOGICA, uliofanywa kati ya 2015 na 2018. Wagonjwa 227, wengi wao watu wazima wa makamo ya kustaafu na kuendelea. Matundu yalipunguza damu iliyopotea, mililita 150 dhidi ya 300, lakini yalichukua muda mrefu zaidi, dakika 216 dhidi ya 182. Siku za kulala wodini? Saba kwa saba. Waliopata matatizo? 44 katika 100 kwa matundu, 42 kwa mpasuo. Hiyo "siku ya nne anatoka" ya kaka yako iko, lakini usiikatie tiketi ya ndege.

Basi mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini tuhangaike na matundu kwa mzee? Kwa sababu ya mapafu. Nimeshinda wodini na wazee miaka mingi, na kinachowaondoa baada ya upasuaji wa tumbo la juu mara nyingi hakianzii pale palipokatwa. Mpasuo wa chini ya kifua unauma kila pumzi inapoingia. Mzee anaogopa kuvuta pumzi ndefu, anaogopa kukohoa, makohozi yanatulia chini, siku ya tatu homa, siku ya tano nimonia. Akipewa dawa kali za maumivu anaanza kuweweseka usiku, anamwita marehemu mama yake, anavuta mipira aliyowekewa. Akilala tu damu inaganda miguuni. Mikato midogo ikimwezesha kukaa kitandani jioni ileile na kutembea kesho yake, hapo ndipo faida ya matundu inapoonekana kwa mzee, na ni faida ya kweli.

Binamu yako muuguzi naye hakusema uongo, ila ametia chumvi. Gesi ile ni kabonidayoksaidi. Ikijazwa tumboni inasukuma kiwambo cha pumzi juu, mapafu yanabanwa, damu inarudi kwenye moyo kwa shida kidogo, na sehemu ya gesi inaingia kwenye damu mpaka mashine ya usingizi iitoe kwa pumzi. Moyo wa mzee wa kawaida, hata mwenye presha iliyotulizwa vizuri, hulimudu hilo. Daktari wa usingizi huangalia kila dakika, na akiona mambo hayaendi humwambia mpasuaji apunguze gesi, au aitoe kabisa na kufungua tumbo kwa njia ya kawaida. Wanaonipa wasiwasi ni wenye moyo uliochoka na miguu kuvimba, na wenye mapafu yaliyoharibika wanaohema wakipanda ngazi tano. Baba yako alivuta sigara mpaka 2009. Kwa hiyo apimwe moyo kwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, na apimwe mapafu kabla mtu yeyote hajataja njia. Hicho ni kipimo cha lazima, si cha hiari, hata kama atapasuliwa kwa mpasuo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika barua yako, nami naliona kubwa kuliko yote. Matundu yanaweza kumfaa mzee wako kabla ya upasuaji wenyewe. CT-scan haioni kila kitu. Saratani ya tumbo ina tabia ya kumwaga punje ndogo kwenye utando unaofunika matumbo, punje kama za mtama, ambazo picha huzikosa. Daktari anaweza kumlaza mzee, akapitisha kamera kwa tundu moja au mawili, akachungulia pande zote, akaosha kidogo ndani na kupeleka maji yale maabara. Akikuta punje, mzee ameokolewa asipasuliwe upasuaji mkubwa usiomponya, na mnahamia kwenye tiba nyingine. Akikuta pasafi, mnaendelea kwa moyo mmoja. Kuchungulia namna hii hakuhitaji fundi wa kukata mfuko wa chakula kwa matundu. Daktari anayetoa mawe ya nyongo kwa kamera ana vyombo vyake na mazoea yake, na hospitali zetu za rufaa wanayatoa mawe hayo. Muulizeni daktari wenu: "Utachungulia kwanza?" Namna atakavyojibu itawaeleza mengi.

Ukishapita hapo, kuna suala la mikono. Katika utafiti wa Korea, daktari hakuruhusiwa kushiriki mpaka awe ameshakata mifuko ya chakula 50 kwa matundu na 50 kwa mpasuo. Hamsini! Japani na Korea saratani hii ni ya kila siku, fundi anafika huko upesi. Kwetu hapa mgonjwa anayefaa kupasuliwa ili apone ni mmoja mmoja, kwa sababu hiyohiyo ya kuchelewa. Kuunganisha tumbo na utumbo kupitia matundu ni kama kushona kanzu kwa kutumia vijiti vya kulia wali vya Wachina, ukitazama kwenye televisheni. Muungano ukivuja, kijana hupigana nao wiki tatu akatoka. Mzee wa 78 huenda asitoke. Kwa hiyo rai yangu ni hii, na mimi naisema waziwazi: mpasuo wa daktari aliyezoea ni salama kwa baba yako kuliko matundu ya daktari anayejifunzia. Na mkimpata aliyezoea matundu kwelikweli, moyo na mapafu vikaruhusu, basi chukueni matundu.

Hapo inaingia India. Sina ugomvi nayo. Kuna hospitali kule zenye mikono hiyo. Lakini kaka yako asinunue neno "matundu", anunue majibu. Aulize daktari atakayempasua, si ofisi ya kupokea wageni: kwa mwaka unakata mifuko mingapi ya chakula kwa matundu? Wangapi walikuwa na zaidi ya miaka 75? Wangapi muungano ulivuja? Wangapi walifariki ndani ya siku 90? Anayekwepa maswali hayo, mshukuruni muondoke. Kisha mpige hesabu nzima. Kuvuja hutokea zaidi katika wiki ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mzee asipande ndege haraka. Mtakaa huko wiki nne au zaidi, mtu wa kumhudumia mzee naye anakula na kulala. Kaka amesema nusu. Nusu ya nini? Mwambieni aandike. Na kabla ya India, mwombeni daktari wenu barua ya kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, muulize maswali yaleyale. Daktari mzuri hakasiriki mgonjwa akitafuta maoni ya pili.

Nilisema nitarudi kwenye michungwa. Zamani sisi madaktari tulisoma umri kwenye faili kabla ya kumtazama mgonjwa, na ikiwa 75 kwenda juu kalamu ilikuwa inaandika "hafai" yenyewe. Tumewakosea wengi. Miaka haipasuliwi. Kinachopasuliwa ni mwili, na mwili wa mzee mmoja wa 78 una nguvu kuliko wa mwingine wa 65. Tunaangalia: anatembea umbali gani bila kusimama? Anainuka kitini bila kushika mikono? Anavaa, anaoga, anahesabu pesa zake mwenyewe? Kwa hayo baba yako ana alama nzuri. Kinachonitisha kwake ni kilo tisa zilizokwenda. Mwili uliokosa chakula hauungi kidonda, wa nje wala wa ndani, na hapo mzee hupoteza zaidi kuliko anapopoteza kwa urefu wa mpasuo.

Kwa hiyo wiki hizi za kusubiri zisiwe za kusubiri. Mlisheni kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, vitu laini: uji mzito wenye maziwa na karanga zilizosagwa, mayai, samaki aliyechambuliwa miiba, dagaa waliosagwa, parachichi. Sahani kubwa itamkatisha tamaa, mpeni kibakuli. Akianza kutapika kila anachokula, msikae nacho nyumbani. Hospitali wanaweza kumlisha kwa mpira unaopita kule kulikobana. Damu yake ipimwe tena, na kama ni ndogo apewe madini ya chuma kwa mshipa, maana vidonge ni vya pole pole mno kwa muda mlionao. Sukari itulizwe. Ajizoeze kuvuta pumzi ndefu kumi kila saa, taratibu, mpaka mbavu zifunguke. Asiache kutembea. Mkiona choo cheusi tena, hiyo si ya kesho. Ni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu dawa za saratani kabla ya upasuaji, muulizeni daktari. Kwa ugonjwa uliofikia tezi, wengi siku hizi huanza na mizunguko ya dawa, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Ni dawa nzito. Kwa mzee dozi hupunguzwa, au huachwa kabisa mkaenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Kidonda kinachotoa damu nacho hubadilisha mpango. Hilo liamuliwe na mpasuaji na mtaalamu wa saratani wakiwa wamekaa pamoja, msiliamue kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Sasa baba mwenyewe. Mwanangu, ameshajua. Mtu anayeuliza kuhusu minong'ono jikoni anajua. Asilolijua ni kama mtamwambia. Fomu ya upasuaji ataitia sahihi yeye, na hamwezi kumsainisha mtu kukatwa mfuko wa chakula kwa jina la vidonda. Tena ana mambo yake: pengine ana deni, pengine ana shamba ambalo mipaka anaijua yeye peke yake, pengine akijua kila kitu atasema "mnipasue" huku nyie mkiogopa, au atasema "msinipasue" huku kaka yako ameshalipa. Vyote viwili ni haki yake. Nimemwona mzee aliyekataa India kwa sababu moja tu, kwamba hataki kufia mahali ambapo hakuna anayejua jina la baba yake. Mtaibishia hiyo kwa utafiti wa Korea?

Umwambie wewe, maana wewe ndiye uliyeulizwa. Mama awepo, wengine wasiwe wengi. Anza kwa kumuuliza anataka kujua kiasi gani, na umfuate anapokuongoza. Tumia neno saratani mara moja, wazi, kisha nyamaza. Usijaze ule ukimya.

Mwambieni pia maisha ya baadaye, asije akashangaa. Mfuko ukishapunguzwa atakula kidogo na mara nyingi, na chai yenye sukari nyingi juu ya tumbo tupu inaweza kumtoa jasho na kumpeleka moyo mbio, akalazimika kulala kidogo. Chungwa ale, lakini nyuzi na ngozi nyeupe ateme, zinajifunga donge tumboni kwa waliokatwa. Damu na vitamini B12 vipimwe kila mara; kama ataondolewa mfuko mzima, sindano za B12 zitakuwa za maisha. Ataulizia funga ya Ramadhani, wazee wote huuliza. Mwaka wa kwanza mimi simruhusu, na shekhe wenu atamweleza ruhusa ya mgonjwa na fidia.

Kabla ya kwenda tena kwa daktari, fanyeni jambo moja. Kesho alfajiri mjukuu mmoja amsindikize mzee msikitini akiwa na saa. Aandike wametumia dakika ngapi, babu amesimama mara ngapi kupumzika, na wakirudi kama bado ana hamu ya kupitia kwenye michungwa. Hiyo karatasi muiweke juu ya CT-scan.